Grafu Inayotembea Huanzia Kwenye Jedwali

Grafu yangu ya kwanza iliyotembea ilikuwa na kasoro ambayo sikuiona hadi nilipoionyesha mbele ya watu. Nilikuwa na jedwali la vipimo vya kaboni dioksaidi angani, lenye safu wima ya mwaka, ya mwezi na ya kipimo. Niliandika amri za kuchora mstari unaorefuka mwezi baada ya mwezi, kisha nikaziunganisha picha zote zikawa video ya dakika moja na kitu. Ilipokwisha, mtu mmoja aliyeketi mbele aliuliza kwa nini kiwango hakipandi. Nilishangaa, maana kupanda huko ndiko kulikokuwa kiini cha mazungumzo yote. Nikairudisha video mwanzo, nikaitazama kwa macho yake, nikaona alichokiona: ncha ya mstari ilikuwa imeganda kwenye kona ileile ya juu kulia, na kilichokuwa kikienda mbio ni namba zilizoandikwa pembeni mwa mihimili. Programu ilikuwa ikipanga upya mipaka ya mihimili katika kila picha ili data iliyopo wakati huo ijaze nafasi yote. Jicho lilifuata ncha, na ncha haikwenda popote.

Tangu siku hiyo nimeshikilia jambo moja katika kazi hii, na makala haya yote yanalizunguka: kila kitu kwenye grafu inayotembea kitulie tuli, isipokuwa kile ambacho data yenyewe imekisogeza. Mtazamaji hana njia ya kutofautisha mwendo uliotoka kwenye vipimo na mwendo uliotoka kwenye programu. Kwake vyote ni habari. Nikiruhusu kichwa cha grafu kiteteme au mhimili ujinyooshe, nimemwambia jambo ambalo jedwali halikusema.

Nieleze kwanza data yenyewe, kwa kuwa nitairejea mara kwa mara. Mwanasayansi wa Marekani Charles David Keeling alianza kupima kaboni dioksaidi katika kituo cha Mauna Loa, Hawaii, mwezi Machi 1958, karibu mita 3,400 juu ya usawa wa bahari. Wastani wa mwezi ule wa kwanza ulizidi kidogo sehemu 315 katika kila milioni ya hewa. Desemba 2023 ulikuwa karibu 422. Hata hivyo mstari haukwei moja kwa moja. Kila mwaka hupanda hadi Mei, hushuka hadi karibu na Septemba, kisha huanza kupanda tena, kwa sababu mimea ya nusu ya kaskazini ya dunia huivuta hewa hiyo inapochipua na kuirudisha majani yanapooza. Kuna miendo miwili ndani ya safu wima moja: pumzi ya kila mwaka, na kupanda kwa taratibu ambako hakurudi nyuma. Katika grafu tuli ya miaka 60 na zaidi, pumzi ile hubanwa hadi ikafanana na meno ya msumeno. Inapotembea, mtu huiona ikivutwa na kutolewa, na papo hapo huona kila pumzi ikianzia juu ya pale ilipoanzia iliyotangulia. Hapo ndipo kuhuisha grafu kunapolipa gharama yake. Jedwali lisilo na mwendo wa namna hiyo ndani yake, kwa mfano lenye thamani tano za miaka mitano, halihitaji video; grafu ya kawaida inalitosha kabisa.

Wengi hudhani kazi huanza pale unapofungua programu ya kuchora. Kwa uzoefu wangu, sehemu kubwa humalizika kabla ya hapo, ndani ya jedwali. Majedwali mengi huja yakiwa mapana, miaka ikishuka chini na miezi 12 ikienda upande, kwa kuwa hivyo ndivyo binadamu anavyosoma kwa urahisi kwenye karatasi. Programu ya kuchora hutaka jedwali refu, ambamo kila safu mlalo ina wakati mmoja na kipimo kimoja, zikifuatana kwa mpangilio wa tarehe. Kuligeuza jedwali pana kuwa refu huchukua dakika chache, na ni heri kulifanya mapema kuliko kulifidia baadaye kwa amri zenye kukunjamana.

Halafu kuna mapengo. Katika toleo la faili nililokuwa nalo, mwezi usio na kipimo ulijazwa namba -99.99. Juni 1958, yaani mwezi wa nne tu tangu vipimo vianze, ulikuwa mmoja wao. Nilipochora kwa mara ya kwanza kabisa, kabla hata ya video ile niliyoieleza, mstari ulianza vizuri pale kwenye 315, ukaenda hatua tatu, kisha ukadondoka kama ndoo kisimani hadi chini ya sifuri, na mhimili wote ukajinyoosha kuufuata. Kwenye grafu tuli kosa kama hilo huonekana mara moja na hurekebishwa. Kwenye video ya fremu mamia, yaani picha mamia zinazofuatana, pengo lililofichwa katikati hutokea kwa sehemu ndogo ya sekunde, na aliyekodoa macho upande mwingine haoni kitu. Ndiyo sababu sasa huitafuta thamani ndogo kuliko zote na kubwa kuliko zote katika kila safu wima kabla ya kuchora chochote, na ikionekana namba isiyowezekana huieleza programu waziwazi kwamba hiyo ni alama ya ukosefu wa data.

Kufuta safu mlalo yenye pengo si dawa, na hapa panahitaji kutuliwa, kwa kuwa ndipo watu makini hunaswa. Njia rahisi kuliko zote ya kutengeneza grafu inayotembea ni kuiambia programu ichore safu mlalo ya kwanza, kisha ya kwanza na ya pili, kisha tatu za kwanza, hadi mwisho: safu mlalo moja, fremu moja. Njia hiyo huchukulia kwamba kutoka safu mlalo moja hadi nyingine muda uliopita ni uleule. Februari, Machi na Aprili 1964 hazina vipimo katika mfululizo ule. Ukizifuta safu mlalo zake, ncha ya mstari huruka miezi minne ndani ya fremu moja, na mtazamaji huona mshtuko ambao haukutokea angani bali kwenye daftari. Katika data ya vihisi vinavyorekodi pale tu jambo linapobadilika, hali huwa mbaya zaidi: saa nzima ya utulivu hugeuka fremu moja, na dakika mbili za msukosuko hugeuka fremu 50, hata video nzima ionekane msukosuko mtupu.

Kwa hiyo fremu zangu hazifuati namba ya safu mlalo. Zinafuata saa. Huweka kigezo cha wakati kinachosonga kwa hatua sawa, na katika kila hatua programu huchora kila kipimo ambacho tarehe yake imefika au imepita. Pasipo na kipimo, wakati husonga na ncha husubiri. Kusubiri huko ni habari pia, kwani kunaonyesha kwamba hakuna aliyepima.

Programu ninayoitumia zaidi ni gnuplot, ambayo Thomas Williams na Colin Kelley waliianza mwaka 1986 na ambayo bado inatunzwa na kupatikana bure. Haina madirisha ya kubofya. Unaandika amri kwenye faili la maandishi na kuliendesha. Toleo la 4.6, lililotoka mwaka 2012, liliongeza fungu la marudio liandikwalo "do for", na tangu hapo kuchora fremu mia nane kumekuwa suala la mistari kumi na kitu. Sharti la wakati nililolieleza huandikwa ndani ya amri ya kuchora yenyewe: kama tarehe ya safu mlalo haijazidi saa ya fremu hii, chukua kipimo, la sivyo, hesabu kwamba hakuna namba. Kitu kimoja katika gnuplot kimewatesa wageni wengi nami nikiwamo, nacho ni mistari mitupu ndani ya faili la data. Mstari mtupu mmoja huukata mstari wa grafu hapo ulipo. Miwili ikifuatana hulitenganisha faili kuwa mafungu mawili yanayoitwa kila moja kwa namba yake. Ukilijua hilo, unaweza kuliweka kila fungu la wakati peke yake na kuliita kwa zamu. Usipolijua, utashinda mchana kutwa ukitafuta kwa nini grafu yako imekatika.

Wanaopenda madirisha wana Veusz, LabPlot, Origin na nyingine, na hata majedwali ya Excel au LibreOffice Calc yanaweza kufanya kazi hii kwa kuunganisha kitelezi na seli inayoamua ni safu mlalo ngapi zichorwe. Kitelezi hicho ni kizuri mno wakati wa kuchunguza data, kwa sababu mkono wako ndio unaoendesha wakati, na unaweza kurudi nyuma mara kumi penye shaka. Kwa kutoa fremu mamia zilizo sawasawa, hata hivyo, naona faili la amri halina mpinzani: linaweza kusomwa, kusahihishwa neno moja na kuendeshwa upya, na mwaka ujao litatoa matokeo yaleyale.

Sasa turudi kwenye utulivu. Kufunga mihimili ni hatua ya kwanza, na gnuplot ina amri ya "stats" inayosoma faili zima na kutoa kiwango cha chini na cha juu kabla ya marudio kuanza, ili mipaka iwekwe mara moja kwa fremu zote. Hatua ya pili ni pambizo, nayo ndiyo wengi huisahau. Programu hupima upana wa namba za mhimili na kuacha nafasi inayozitosha. Namba zikiongezeka tarakimu moja, nafasi hupanuka, na kisanduku chote cha grafu husogea pikseli chache kulia. Kwenye picha moja hilo halina maana yoyote. Kwenye video, grafu nzima hutetemeka kama gari bovu. Dawa yake ni kutaja pambizo kwa vipimo vya ukurasa badala ya kuiachia programu ikisie. Hatua ya tatu ni maandishi ya tarehe yanayobadilika kila fremu: yaandikwe kwa fonti ambayo tarakimu zake zina upana mmoja, na yashikizwe upande wa kushoto, maana yakiwekwa katikati yatacheza huku na huku kadiri 1 inavyompisha 8. Rangi nazo zifungwe. Kama rangi inawakilisha kiwango, kipimo cha rangi kiwe kimoja kutoka fremu ya kwanza hadi ya mwisho, vinginevyo wekundu wa 1960 na wekundu wa 2020 vitakuwa vitu viwili tofauti vyenye sura moja.

Mwendo nao una kipimo chake. Kuanzia Machi 1958 hadi Desemba 2023 kuna miezi 790. Nikitoa fremu moja kwa kila mwezi na kuzionyesha 24 kwa sekunde, video huisha kwa sekunde 33, na mwaka mzima hupita katika nusu sekunde. Nililijaribu hilo, pumzi ya mwaka iligeuka mtikisiko, na niliowaonyesha walidhani ni kasoro ya picha. Nilipopunguza hadi miezi 12 kwa sekunde, mwaka mmoja ukawa sekunde moja, na video ikawa sekunde 66. Ghafla watu walianza kuuliza kwa nini kiwango hushuka kila katikati ya mwaka, na nilijua kwamba sasa wameiona.

Lakini fremu 12 kwa sekunde hukwaruza jicho kidogo, na hapo huja kishawishi cha kuongeza fremu za katikati, ambazo hazimo katika jedwali. Nimelifikiria jambo hili kwa muda mrefu. Mstari ulionyooka kati ya vipimo viwili tayari upo katika kila grafu ya mistari, na msomaji anaelewa kwamba ni kiunganishi. Nikiuchora nusu katika fremu moja na kuumalizia katika fremu inayofuata, sijaongeza dai lolote jipya. Nukta kubwa inayotelezea mahali ambapo hakuna kipimo, huku pembeni yake pameandikwa namba yenye desimali mbili, ni jambo jingine kabisa, kwa maana namba hiyo haikupimwa na mtu yeyote. Kwa hiyo naruhusu mstari ukue polepole, ila namba iliyoandikwa hubadilika pale tu kipimo halisi kinapofikiwa. Katika majedwali yenye vipimo vya kila miaka kumi, kama ya hesabu ya watu, huwa mkali zaidi na siongezi fremu yoyote ya katikati: ndani ya miaka kumi kunaweza kuwa na vita, njaa na kupona, na mwendo laini kati ya namba mbili hufuta yote hayo kwa madaha.

Wapo wanaosema grafu inayotembea humfanya mtu aelewe zaidi kwa sababu tu inatembea. Utafiti hauwaungi mkono kwa ukamilifu. Mwaka 2002 Barbara Tversky, Julie Bauer Morrison na Mireille Bétrancourt walipitia tafiti nyingi zilizolinganisha picha tuli na zinazotembea, wakaonyesha kwamba mara nyingi pale zilizotembea ziliposhinda, zilikuwa pia zimebeba habari ambayo zile tuli hazikupewa. Mwaka 2008 George Robertson na wenzake waliwapa watu data ya mielekeo kwa namna tatu, ikiwamo ya kuhuishwa na ya vigrafu vidogo vilivyopangwa pamoja. Washiriki walifurahia zaidi iliyohuishwa, nayo ilikuwa na kasi kubwa pale ilipotumika kuwasilisha habari kwa wengine. Lakini waliitumia kwa makosa mengi zaidi, na walipotakiwa kuichambua data wenyewe iliwachelewesha. Mimi nalisoma hilo hivi: grafu inayotembea ni chombo cha kumwonyesha mtu jambo ambalo mwonyeshaji amekwisha kulijua. Ndiyo maana wasilisho la Hans Rosling, daktari wa Uswidi aliyeonyesha takwimu za nchi kwa viputo vinavyosogea kwenye grafu, katika mkutano wa TED mwaka 2006 lilifaulu vile. Alisimama kando ya viputo vyake akielekeza kwa mkono na kwa sauti ni kipi kitazamwe, na viputo havikuachwa vijieleze vyenyewe.

Mtu asiye na mwelekezaji husaidiwa na mkia. Jicho halikumbuki kitu kilikuwa wapi sekunde tano zilizopita, kwa hiyo kila kilichopita hukiacha kwenye grafu kwa rangi ya kijivu iliyofifia, miezi 24 ya mwisho huichora kwa mstari mnene, na ncha yenyewe huiwekea nukta. Kumbukumbu inakuwa kwenye karatasi, na akili ya mtazamaji inabaki huru kufikiri. Vitu vinavyosogea kwa wakati mmoja navyo visizidi vitatu au vinne. Zaidi ya hapo watu huchagua kimoja na kuvitupa vingine.

Kuhusu kuhifadhi nitapita upesi. Faili la GIF huchezeka karibu kila mahali, lakini kila fremu yake ina rangi 256 tu, na muda wa fremu huhesabiwa kwa sehemu za mia za sekunde, hivyo fremu 30 kamili kwa sekunde haziwezekani humo. Kwa grafu ya mistari yenye rangi chache linatosha. Kwa chochote kirefu natoa fremu za PNG na kuziunganisha kwa ffmpeg, programu ya bure ya kutengeneza video, kuwa MP4. Namba za mafaili ziwe na sifuri mbele, 0001, 0002, na kuendelea, kwa sababu zikipangwa kialfabeti bila sifuri hizo, fremu ya 10 hutangulia ya 2, na wakati wako utarukaruka. Upana na urefu wa picha viwe namba shufwa, kwani usimbaji wa H.264 uliozoeleka katika video za MP4 hukataa namba witiri. Fremu ya mwisho nairudia kwa sekunde tatu hivi, ili macho yapate kusoma pale safari ilipoishia kabla ya video kujirudia.

Kisha nafanya ukaguzi ambao sijawahi kujutia muda wake. Naisimamisha video mahali patatu nisipopachagua kwa makusudi, naandika tarehe na urefu wa ncha kama unavyosomeka kwenye mhimili, halafu nafungua jedwali na kutafuta tarehe hizo. Mei 1958 ncha inapaswa kuwa karibu 317.5. Ikisomeka vingine, kuna safu mlalo iliyoruka au mwezi uliohesabiwa kuanzia sifuri.

Mhimili wa wima wa grafu yangu ya kaboni niliufunga kati ya 310 na 430, nikiamini nimeacha nafasi ya kutosha juu. Wastani wa Mei 2025 ulivuka 430. Niliongeza safu mlalo mpya, nikaendesha faili la amri, na katika fremu za mwisho ncha ilipenya ukingo wa juu na kutoweka. Ningeweza kuchora upya fremu zile chache na kuziunganisha na za zamani, lakini mhimili ungeruka mbele ya macho ya mtazamaji na miaka yote iliyotangulia ingeshuka kwa mkupuo mmoja. Nikaandika 450 mahali pa 430, nikafuta fremu zote, na kuanza kuchora tena kutoka Machi 1958, miezi 807.